Ramani Husomwa Uani

Walisema sitaweza. Naanza na hilo, mwanangu, ulijue mapema, maana kuna watakaokuambia usinisikilize. Walisema mtu mwenye stashahada hawezi kufundisha chuo kikuu. Walisema nitabeba vyombo na kuvipangusa vumbi, na siku ya mahafali nitapanga viti. Mmoja alisema mbele yangu, akinywa chai niliyomnunulia mimi, kwamba wiki ya kwanza wanafunzi watanicheka na wiki ya pili nitarudi mitaani kupimia watu viwanja vya urithi. Nimefundisha upimaji wa ardhi chuo kikuu kwa miaka kumi na mmoja. Watu wenye shahada tatu wamekuja kuniuliza jinsi ya kusawazisha mashine ya kupimia juu ya miguu yake mitatu, na nimewaonyesha bila kuringa. Au kwa kuringa kidogo tu.

Sikuachiwa shamba wala jina la kutajwa ofisini. Nilitoka Songea na begi la mashati mawili, nikaenda kusoma Dar es Salaam. Nikarudi nikafanya kazi hapa, kisha nikaenda Botswana, nikapima barabara miaka tisa. Niliporudi mara ya pili nilikuja na mashine yangu mwenyewe, nimeinunua mpya, na nikajenga nyumba ya tofali za kuchoma hapa Mjimwema. Waulize majirani ni nani aliyenisaidia. Watakutazama tu.

Sasa nimesikia umepata kazi ya kufundisha chuo kikuu. Hongera. Ulinipigia simu ukaniomba nikupe siri ya kuwafanya wanafunzi waogope somo lako. Sikukujibu siku ile kwa sababu jibu ni refu, na simu yangu ilikuwa inakaribia kuzima. Nakujibu leo.

Iko siku moja ambayo mpaka leo sijamaliza kuikumbuka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, stashahada yangu bado inanukia wino. Nilipewa kazi ya kupima viwanja hapahapa Mjimwema, wakati huo nyumba zikiwa chache na nyasi zikifika kiunoni. Nilivaa kofia ngumu ingawa hapakuwa na kitu chochote cha kuniangukia. Kwenye kiwanja kimoja alikuwepo bibi mjane, jina lake Skolastika. Nilifika saa mbili asubuhi na vibarua wawili, nikasoma mashine, nikachora mstari, nikaamuru wachimbe shimo la bikoni. Bikoni ni lile jiwe la zege lenye nondo katikati, linalowekwa pembeni mwa kiwanja kuonyesha mpaka. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Shimo lilipofika magotini akaweka ungo chini, akaja taratibu.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Bado pembe mbili, bibi."

"Hapo ulipochimba, unapajua?"

"Ni pembe ya kiwanja chako," nikamwambia, nikamwonyesha mchoro kana kwamba alikuwa ameniomba. "Namba mia moja na arobaini."

"Hapo nimemlaza mtoto wangu wa pili," akasema. "Hakufikisha siku saba. Hajabatizwa, hajapewa jina. Tulimzika kina mama peke yetu, bila msalaba, ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Kwa hiyo kumwona usingeweza. Kuuliza ungeweza."

Mwanangu, ningependa kukuambia kwamba nilipiga magoti pale pale. Sikupiga. Nilimwambia mchoro ulikwishapitishwa. Ndilo neno lililotoka kinywani mwangu, kwa mwanamke aliyesimama juu ya mwanawe.

"Aliyeupitisha alikuja hapa lini?" akaniuliza. "Maana mimi sitoki hapa. Na wewe umefika tangu saa mbili, shikamoo sijaisikia. Nimesikia namba mia moja na arobaini mara tatu. Mimi naitwa Skolastika."

Vibarua wakaegemea majembe yao wakatazama pembeni. Nikawaambia wafukie shimo. Bibi akasema hapana, waliochimba waliagizwa, afukie aliyeagiza, na afukie kwa mikono. Nikafukia kwa mikono, na kofia yangu ngumu kichwani. Nilipomaliza akaninawisha kwa maji ya kata, kisha akanishika kiwiko, tukazunguka kiwanja chake chote kwa miguu. Akanionyesha mahali mumewe alipojenga kibanda cha kwanza. Akanionyesha uchochoro ambao jirani alimruhusu apite na kuni tangu alipokuwa mjamzito. Akanionyesha mkondo ambao maji ya masika huupitia kila mwaka na kumchukulia udongo. Kwenye mchoro wangu uchochoro haukuwepo, na mkondo wa maji nilikuwa nimeupangia nyumba ya mtu.

Tulikaa na jirani yake mpaka mchana, tukakubaliana kusogeza mstari. Bosi wangu alinigombeza mbele ya ofisi nzima, nikarudia hesabu siku mbili. Zilitoka sawa. Mimi hesabu zangu hutoka sawa, hilo huulizwi. Nilijifunza kitu ambacho hakikuwemo katika daftari lolote la chuoni kwangu. Na niliona aibu, mwanangu. Aibu ile ndiyo iliyonifanya niwe mpimaji. Kabla ya hapo nilikuwa mshika mashine.

Nilipoanza kufundisha, niliwaona wanafunzi wangu na kofia zao ngumu, nikajiona. Walipima kama vile juu ya ardhi hakuna mtu. Nikaweka utaratibu wangu. Siku ya kwanza ya mafunzo ya vitendo, mashine inabaki chuoni. Kila mwanafunzi anakwenda kwenye kiwanja alichopangiwa, anazunguka kwa miguu na mwenye kiwanja, anakaa naye, anaandika alichoambiwa. Mwishoni, ramani ikishachorwa, anakwenda kuisoma uani, mbele ya watu wa mtaa, kwa Kiswahili ambacho kila mtu anakielewa. Wenye viwanja wanauliza. Mwanafunzi akishindwa kuwajibu, anarudia. Niliuita mtihani wa uani.

Mkuu wa idara, kijana mwenye shahada tatu na mtu mwadilifu kwa kweli, aliniita ofisini.

"Mzee, huu ni mtihani gani ambao msahihishaji ni mama wa maandazi?"

"Ndiye mwenye kiwanja, Dokta. Anajua jibu kuliko mimi na wewe."

"Na hizo huruma utazipa alama ngapi? Nionyeshe hapa kwenye jedwali."

"Huruma sizipimi. Napima kama mwanafunzi ameuliza, na kama alichokichora anaweza kumweleza mtu atakayeishi ndani yake."

"Mkataba wako unaisha muhula huu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Niliusoma kabla ya kusaini."

Akasema atakuja mwenyewe kuutazama mtihani huo, kisha ataamua kama utaendelea, na kama mimi nitaendelea. Nikamwambia karibu, aje na kofia maana uani kuna jua.

Mwaka ule nilikuwa na mwanafunzi anaitwa Zainabu, binti wa mkulima wa korosho kutoka Nalasi, kule Tunduru. Alikuwa wa kwanza darasani, na wa pili alikuwa mbali sana. Mashine ilimtii kuliko ilivyonitii mimi nikiwa na umri wake, na hilo silisemi juu ya watu wengi. Lakini utaratibu wangu hakuupenda.

"Samahani, mwalimu," aliniambia mbele ya wenzake. "Mimi nimetoka Nalasi kuja kusoma upimaji. Hadithi za wazee ninazo nyumbani, tena za bure."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Nikampangia eneo la mzee mmoja kipofu, Mzee Alanusi, kwa sababu lilikuwa gumu. Mtaa ulikuwa katika urasimishaji wa makazi, watu wanataka hati, na mchoro wa wanafunzi wangu ndio ungepelekwa mbele. Kilichochorwa pale kingesimama.

Jumamosi ya mtihani tulikusanyika uani kwa mwenyekiti wa mtaa. Mabenchi tuliazima kwa wanakwaya. Ramani tukazibana kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, moja moja kadiri zilivyosomwa. Mkuu wa idara akakaa mbele na kalamu yake. Ilipofika zamu ya Zainabu, alisimama wima akaanza kusoma vizuri kabisa, mashariki mita kadhaa, kaskazini mita kadhaa. Mama Anyesi, jirani wa Mzee Alanusi, akanyoosha mkono.

"Binti, mashariki ni kwa nani?"

Uani wote ukacheka. Zainabu akatabasamu, akaanza upya, safari hii kutoka jikoni kwa Mama Anyesi kwenda kwenye bomba la mtaa. Alikuwa mwepesi, alishika haraka. Mkuu wa idara akaandika kitu. Ndipo Mzee Alanusi akainua fimbo yake kidogo.

"Anayesoma ni nani?"

"Zainabu, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Zainabu, nina uzio wa mianzi unatoka mlangoni kwangu mpaka bombani. Umeuweka wapi?"

"Uzio utaondolewa, babu. Njia inatakiwa ipitishe gari la wagonjwa. Halafu uzio wenyewe umepinda sana, ndiyo nikaunyoosha mstari."

"Umepinda, najua. Niliupinda mimi kukwepa shimo la takataka. Mimi huona kwa mkono huu, mjukuu wangu. Naushika mwanzi mmoja mmoja mpaka nasikia bomba. Sasa ukiung'oa, maji nitayafuata na nini?"

Zainabu akamgeukia mtoto wa Mzee Alanusi, ambaye ndiye aliyezunguka naye siku ile. "Mbona hukuniambia, kaka?"

"Uliniuliza mpaka uko wapi, nikakuonyesha," yule akajibu. "Uzio ni wa nini hukuuliza. Ulikuwa unatazama saa."

Karatasi yake ya matembezi nilikuwa nayo mkononi. Wenzake waliandika kurasa. Yake ilikuwa na mistari mitatu. Nilimwona anakumbuka kwamba ninayo. Akaacha kutazama ramani, akaenda mbele ya Mzee Alanusi, akachuchumaa.

"Babu, sikukaa na wewe. Nilikupita hapo mlangoni."

"Nilikusikia ukipita," mzee akasema. "Una hatua nyepesi. Nikasema labda ana safari."

Mama Anyesi ndiye aliyesimama, akajifunga kanga vizuri, akasema njia isogee upande wake, anatoa hatua mbili. "Lakini hatua za miguu yangu," akasema, "si za huyu mwalimu mwenye miguu kama mashine yake. Na mpapai wangu usiguswe." Mwenyekiti akaandika. Jambo ambalo mawakili wangelila miaka mitatu liliisha kwenye mabenchi ya kwaya kabla chai haijapoa, kwa sababu lilisomwa mbele ya watu wanaohusika.

Nikamwandikia Zainabu arudie.

Mkuu wa idara alinisubiri kwenye gari. "Mzee, huyu ni wa kwanza darasani. Tunataka abaki chuoni awe mwalimu. Utamwangusha kwa sababu ya mianzi?"

"Sijamwangusha. Anarudia."

"Mpandishie alama. Hesabu zake hazina kosa hata moja, umeziona."

"Nimeziona. Hazina kosa, na mzee angekosa maji. Huyo ndiye unayetaka akawafundishe wengine?"

"Nakuomba mara ya mwisho."

"Basi usiniombe tena, Dokta, utajichosha."

Usidhani sikuogopa. Nilikuwa na paa la nusu nyumba bado halijaezekwa na umri ambao hakuna anayekuajiri. Lakini nilifikiri hivi: nikipandisha alama ile, kila nilichosema mbele ya wanafunzi wale kitakuwa maneno ya mzee anayejifurahisha. Watakwenda kupima nchi nzima na kofia zao ngumu. Sikubadilisha.

Zainabu alinikasirikia siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kwa Mzee Alanusi peke yake. Nimesimuliwa na Mama Anyesi, ambaye hakuna kinachompita. Alijifunga mtandio machoni, akaweka mkono kwenye uzio, akaenda mpaka bombani na kurudi, mzee nyuma yake anamwelekeza, watoto wakiwafuata. Alijikwaa penye shimo la takataka, mzee akamwambia ndiyo maana ulipinda. Alikaa mpaka alasiri, akaomba mkeka akaswali hapohapo uani, akala nao ugali na dagaa nyasa. Wiki iliyofuata alileta kurasa nane na ramani mpya.

Siku ya kurudia aliibana ramani kwenye kamba, akaisoma yote. Kisha akaivua, akaiweka mapajani mwa Mzee Alanusi. Kila mstari wa mpaka alikuwa ameubandikia uzi kwa gundi, na uzio ameubandikia uzi mnene zaidi. Akaushika mkono wa mzee akauweka mahali mlango ulipochorwa. Mzee akatembeza kidole polepole, akafika penye kona, akacheka peke yake, akaendelea.

"Hapa ndipo huanza kulisikia bomba," akasema.

"Ndipo, babu. Nilikusimamisha hapo nikapima."

Nimesimama mbele ya wahandisi wa nchi tatu, mwanangu, na sikutikisika. Siku ile ilinibidi nitoke nje ya ua nikajifanye natafuta kitu kwenye begi.

Mkataba wangu haukuongezwa. Barua ilikuwa fupi na ya adabu. Nilikabidhi funguo za stoo, nikachukua mashine yangu, kwa sababu ile ilikuwa yangu, nikaenda nyumbani. Sikuandika barua ya kuomba, sikumtuma mtu. Walioonana nami njiani walinipa pole kwa sauti ya furaha. Nikawaambia chuo ndicho kilichopata hasara, nami nilimaanisha.

Muhula ulipofunguliwa, wanafunzi wapya wakaletwa Mjimwema na mashine zao. Mwenyekiti wa mtaa akawapokea vizuri, akawauliza mtihani wa uani utakuwa lini. Wakamwambia umefutwa. Akawaambia, "Basi rudini mkishaufufua, mtatukuta wazima. Hapa kwetu ramani husomwa uani." Wakaenda mtaa wa pili. Huko Mama Anyesi ana dada. Mtaa wa tatu wakaulizwa kabla hawajashusha vyombo. Wiki tatu zikapita, mashine ziko ndani ya gari.

Mkuu wa idara akaja nyumbani kwangu mchana, peke yake. Akakaa, akatazama upande wa paa ambao haujaezekwa.

"Umewafundisha nini watu hawa, mzee?"

"Hao sikuwafundisha mimi. Nimewafundisha wanafunzi wako tu. Wao walikuwepo wakisikiliza."

"Nimepitia kurasa nane za yule binti," akasema. "Nilipopima mara yangu ya kwanza, sijui hata nilipima kwa nani. Nimejaribu kukumbuka jina, sikuweza."

Kuna mambo ambayo hata mimi najua kutoyajibu. Nikamwambia narudi kwa sharti moja, mtihani wa uani uandikwe ndani ya mtaala, uwe na alama zake, ili hata nikifa usife. Akasema niandike kurasa mbili za utaratibu. Niliandika nne, mimi mwenye stashahada, na kikao cha walimu wenye shahada tatu tatu kilizipitisha bila kufuta mstari, nami nikarudi darasani muhula uliofuata. Zainabu alikataa kubaki chuoni. Yuko Tunduru anapima mashamba ya korosho, na nasikia huko hawezi kumaliza kazi bila kulishwa.

Sasa wewe, mwanangu. Uliniuliza jinsi ya kuwafanya wanafunzi waogope somo lako. Usifanye hivyo. Somo lolote utakalofundisha, sheria, uuguzi, hesabu, mtafute mtu ambaye kosa la mwanafunzi wako litamwangukia, umlete mbele ya mwanafunzi huyo kabla kosa halijatokea. Mwache mwanafunzi aone haya, aguswe, hata alie kama ana machozi, kisha mrudishe kwenye hesabu akazifanye kwa usahihi mara mbili. Usimhurumie kwenye alama. Anayempenda mwenye kiwanja atapima vizuri zaidi, na asiyepima vizuri asituambie anampenda mtu. Waeleze darasani makosa yako mwenyewe, kwa majina na mahali, hata yale yanayokuchoma. Na wakubwa wako watakuuliza hayo yote yanaingia jedwali gani. Watakutisha kwa mkataba. Wajibu kwa adabu, usiinue sauti, halafu usisogee hata kidole kimoja. Utapoteza vitu, sikudanganyi. Mimi nilipoteza muhula mzima na bati za upande mmoja wa nyumba.

Mungu akujalie wanafunzi wabishi, maana hao ndio huja kuelewa. Akupe mdomo wa kukiri kosa na shingo ngumu ya kukataa kununuliwa. Watu wasiojua kusoma wakuamini wakukabidhi karatasi zao. Na popote utakaposimama kufundisha, asikosekane mtu nyuma kabisa, ambaye hajawahi kuingia chuo, wa kunyoosha mkono akuulize mashariki ni kwa nani, na wewe uwe unamjua.